Lugha za Kigaeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzifufua na kuzilinda

Kigaeli ni lugha moja au ni kadhaa?

Ni tatu, za ukoo mmoja: Kiayalandi, ambacho wenyewe hukiita Gaeilge, Kigaeli cha Uskoti, yaani Gàidhlig, na Kimanksi, yaani Gaelg, cha Kisiwa cha Man, kisiwa kidogo kilicho katikati ya bahari inayotenganisha Ayalandi na Uingereza. Zote zimetokana na Kiayalandi cha kale. Kiwelisi na Kibretoni ni binamu zao katika jamii ya lugha za Kikelti, lakini si Kigaeli. Kiskoti, kinachozungumzwa sana kusini mwa Uskoti, hakimo kabisa humu; hicho ni ndugu wa Kiingereza.

Mwayalandi na Mskoti wakikutana, wanaelewana?

Kwa shida. Aliyezoea lahaja ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, ana nafuu akisikia Kigaeli cha Uskoti. Aliyetoka Kerry, kusini, hupata neno hapa na neno pale. Salamu ya asubuhi ni *Maidin mhaith* kwa Kiayalandi, *Madainn mhath* Uskoti na *Moghrey mie* Kisiwa cha Man. Kimanksi kinaonekana kigeni zaidi kwenye karatasi kuliko masikioni, kwa sababu makasisi waliokiandika kwanza walifuata tahajia inayokaribiana na ya Kiingereza, wakati Ayalandi na Uskoti zilibaki na tahajia ya kale.

Hata ndani ya Kiayalandi peke yake kuna lahaja kubwa tatu. "Hujambo" ni *Conas taoi?* kusini, *Cén chaoi a bhfuil tú?* magharibi na *Cad é mar atá tú?* kaskazini. Zote ni sahihi, na mwalimu anayekuambia moja tu ndiyo Kiayalandi safi anakupotosha.

Zilididimia kwa sababu gani?

Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 katika sensa ya 1841. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ukashambulia viazi, chakula kikuu cha maskini, na kufikia sensa ya 1851 walikuwa wamebaki kama milioni 6.5. Takriban milioni moja walikufa na wengine milioni moja wakahama. Njaa haikuchagua lugha, lakini iliwapiga zaidi wakulima wadogo wa magharibi na kusini, na hao ndio waliokuwa wakizungumza Kiayalandi. Waliosalia walijua kwamba mtoto atakayepanda meli kwenda Boston au Liverpool atahitaji Kiingereza.

Shule za serikali, zilizoanzishwa 1831, zilifundisha kwa Kiingereza. Katika maeneo mengi mtoto alivishwa kijiti shingoni, *bata scóir*, na kila alipoteleza akasema Kiayalandi kilichongwa alama. Jioni zilihesabiwa alama na kuchapwa viboko kwa idadi hiyo. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuvishwa "diski" kwa kusema lugha ya nyumbani hahitaji maelezo zaidi. Jambo linalosahaulika ni kwamba mara nyingi wazazi wenyewe walishirikiana na mwalimu: walichonga alama nyumbani ili zihesabiwe shuleni. Kwa hiyo anayesema lugha iliuawa na Waingereza peke yao anasimulia nusu ya habari.

Uskoti njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1609 Sheria za Iona ziliwalazimisha machifu kupeleka warithi wao kusoma nyanda za chini kwa Kiingereza. Karne ya 18 na 19 wamiliki wa ardhi waliwafukuza wapangaji wao ili wafuge kondoo, na vijiji vizima vikahamia pwani, mijini au ng'ambo. Sheria ya elimu ya 1872 haikukitaja Kigaeli hata kwa mstari mmoja. Sensa ya 1891 ilihesabu wazungumzaji kama 254,000. Ya 2001 ilihesabu chini ya 59,000.

Kisiwani Man wazee walikuwa na msemo: *Cha jean oo cosney ping lesh y Ghailck*, hutapata hata senti moja kwa Kimanksi. Wazazi wakaamini, wakaacha kuwasemesha watoto wao kwa lugha hiyo, na ndani ya vizazi viwili ikawa imekwisha majumbani.

Leo wanaozizungumza ni wangapi?

Inategemea unamhesabu nani, na hapa ndipo makala nyingi zinapokosea.

Katika sensa ya 2022, watu 1,873,997 wa Jamhuri ya Ayalandi, yaani asilimia 40, walisema wanajua Kiayalandi. Ukiishia hapo utadhani lugha inanawiri. Fomu hiyohiyo iliuliza pia unaitumia mara ngapi. Waliosema wanaitumia kila siku nje ya mfumo wa elimu walikuwa 71,968 tu. Wengine zaidi ya nusu milioni huisema kila siku lakini darasani pekee. Kengele ikilia wanarudi kwenye Kiingereza.

Fuata namba hiyo ya pili kwa muda: 77,185 mwaka 2011, 73,803 mwaka 2016, 71,968 mwaka 2022. Mwishoni mwa 2010 serikali ilikuwa imetangaza mkakati wa miaka 20 wenye lengo la watumiaji wa kila siku 250,000 kufikia 2030. Badala ya kupanda, idadi inashuka polepole.

Uskoti kuna kitendawili cha aina hiyohiyo. Kati ya 2011 na 2022 wazungumzaji waliongezeka kutoka kama 57,000 hadi 69,701, na magazeti yakashangilia. Lakini katika Visiwa vya Magharibi, Na h-Eileanan Siar, ambako lugha ndiyo ilikuwa ya dukani, ya kanisani na ya mashuani, wazungumzaji walishuka kutoka zaidi kidogo ya nusu ya wakazi hadi kama asilimia 45. Lugha inakua mijini miongoni mwa wanafunzi na inapungua vijijini miongoni mwa warithi.

Ayalandi ya Kaskazini, sensa ya 2021 ilipata asilimia 12.4 wenye ujuzi wa aina fulani. Kisiwa cha Man, sensa ya 2011 ilipata watu 1,823 waliosema wanajua Kimanksi kwa kiwango fulani, kati ya wakazi kama 84,000.

Gaeltacht ni nini hasa?

Ni maeneo yaliyotengwa kisheria ambako Kiayalandi kilibaki lugha ya jamii. Si eneo moja lililoungana. Ni vipande vilivyotawanyika katika kaunti za Donegal, Mayo, Galway, Kerry, Cork, Waterford na Meath. Kile cha Meath ni cha kupandikizwa: mwaka 1935 serikali ilihamishia familia za Connemara, eneo la magharibi katika kaunti ya Galway, katika mashamba ya Rath Cairn, karibu na Dublin, na wajukuu wao bado wanakizungumza.

Mwaka 2022 Gaeltacht yote ilikuwa na wakazi 106,220, na waliokitumia kila siku nje ya shule ni 20,261. Maana yake mipaka rasmi ni mipana kuliko lugha yenyewe. Ukienda pembezoni mwa Jiji la Galway utakuta kibao cha barabarani cha Kiayalandi kitupu na mtaa mzima ukiongea Kiingereza. Utafiti mkubwa uliofanyiwa serikali mwaka 2007 ulionyesha kwamba lugha hubaki imara pale tu ambapo zaidi ya asilimia 67 ya wakazi huitumia kila siku. Chini ya hapo vijana huhamia Kiingereza wao kwa wao hata kama wazazi wanashikilia.

Tangu sheria ya 2012, eneo likitaka kuendelea kuitwa Gaeltacht lazima liandike na kutekeleza mpango wa lugha. Maeneo 26 yamegawanywa kwa ajili hiyo. Ni wazo zuri. Tatizo ni kwamba ofisa mmoja wa mpango hukabidhiwa eneo lenye maelfu ya watu na bajeti isiyotosha kuendesha kituo cha vijana.

Mbona Waayalandi husoma lugha hii miaka 13 au 14 shuleni na bado hawaisemi?

Kwa sababu wanaisoma kama somo, si kama njia ya kusomea. Mtoto hupata saa chache kwa wiki, mara nyingi kwa mwalimu ambaye mwenyewe si mzungumzaji hodari, na kwa miongo mingi mtihani ulipima ushairi na insha za kukariri. Mwaka 2012 mtihani wa mwisho wa sekondari uliongezewa uzito wa kuongea kutoka asilimia 25 hadi 40, hatua iliyosaidia, ingawa sasa kuna wanaokariri mazungumzo.

Kubwa zaidi ni kwamba hakuna mahali pa lazima. Kila anayejua Kiayalandi anajua pia Kiingereza. Watu saba wakikaa mezani, sita wakijua Kiayalandi na mmoja hajui, meza nzima inahamia Kiingereza kwa adabu. Adabu hiyo, ikirudiwa kila siku, inakula lugha kuliko sheria yoyote mbaya.

Shule zinazofundisha kila kitu kwa Kigaeli hufanyaje kazi?

Ayalandi huitwa *Gaelscoil*. Mtoto wa miaka 4 au 5 anaingia bila kujua neno. Mwalimu anaongea Kiayalandi tu tangu dakika ya kwanza, akitumia mikono, picha, nyimbo na ratiba isiyobadilika: koti hutundikwa kwa maneno yaleyale kila asubuhi, maziwa hugawiwa kwa maneno yaleyale. Mtoto hujibu kwa Kiingereza kwa miezi ya mwanzo, na haadhibiwi. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza anaelewa karibu kila kitu cha darasani. Kiingereza kama somo hucheleweshwa. Katika shule za Gaeltacht zilizo kwenye mpango rasmi wa 2017 hucheleweshwa miaka miwili ya mwanzo. Uskoti ni hivyohivyo: miaka kama mitatu ya Kigaeli kitupu, kisha kusoma Kiingereza huingizwa. Watoto hawabaki nyuma kwa Kiingereza, kwa sababu kinawazunguka pande zote nje ya lango.

Yanayoharibika ni haya. Kwanza, walimu hawatoshi. Kumpata anayeweza kufundisha fizikia ya sekondari kwa Kigaeli katika kijiji cha Uskoti ni bahati, hivyo mtoto aliyesoma msingi kwa Kigaeli hufika sekondari akakuta masomo mawili matatu tu kwa lugha hiyo. Pili, watoto hutengeneza lugha yao ya uwanjani: maneno ya Kigaeli, muundo wa Kiingereza. Kosa likishirikiwa na darasa zima halisikiki tena kama kosa, na wasipokuwepo wazee wa kusikilizwa hakuna wa kulirekebisha. Tatu, chekechea. Shule iliyo na *naíonra*, chekechea ya Kiayalandi, jengo moja nayo huanza na watoto wanaoelewa. Isiyo nayo hutumia miezi mingi kufundisha "kaa chini".

Mwaka 2020 baraza la Visiwa vya Magharibi liliamua kwamba mtoto akiandikishwa darasa la kwanza huhesabiwa wa Kigaeli moja kwa moja, na mzazi anayetaka Kiingereza ndiye aombe. Fomu ileile, swali limegeuzwa. Kwa maoni yetu huo ni uamuzi wa bei nafuu wenye matokeo makubwa kuliko kampeni nyingi za mabango.

Mzazi wa Uskoti anayetaka darasa la Kigaeli mahali lisipokuwepo afanye nini?

Sheria ya elimu ya 2016 iliweka njia:

1. Tafuta wazazi wenzako kabla ya kuandika barua. Namba inayohitajika ni watoto 5 wa mwaka mmoja wa kuanza shule, wakazi wa eneo hilo, na bado hawajaanza msingi.
2. Peleka ombi la maandishi kwa baraza la eneo, pamoja na ushahidi wa hao wazazi wengine: majina, umri wa watoto, saini.
3. Baraza linafanya tathmini ya awali. Hiyo idadi ikifikiwa, ni lazima liende kwenye tathmini kamili au lianzishe darasa.
4. Wakati karatasi zinatembea, anzisheni kikundi cha watoto wadogo, hata mara moja kwa wiki katika ukumbi wa kanisa.

Maombi mengi hufa hatua ya 1, wazazi wakiwa wanne na mtoto wa tano akiwa wa mwaka mwingine. Chama cha wazazi, Comann nam Pàrant, husaidia kuunganisha watu.

Ni kweli Kimanksi kilikufa kikafufuka?

Ned Maddrell, mvuvi wa Cregneash aliyehesabiwa mzungumzaji wa mwisho aliyekulia katika lugha hiyo, alifariki tarehe 27 Desemba 1974. Kwa maana ya mnyororo wa mzazi kwa mtoto, ulikatika hapo. Lakini lugha haikukaa hata siku moja bila watu wanaoijua, kwa sababu chama cha Yn Çheshaght Ghailckagh, kilichoanzishwa 1899, kilikuwa na vijana waliokuwa wakiwatembelea wazee kwa baiskeli na kujifunza kwao uso kwa uso.

Mwaka 1948 Tume ya Ngano (hadithi za jadi) ya Ayalandi ilimpeleka Kevin Danaher na gari lenye mitambo ya kurekodia kwenye santuri, akakusanya sauti za wazungumzaji wa mwisho. Rekodi hizo, pamoja na za chama chenyewe, ndizo zinazomwambia mwalimu wa leo jinsi sauti fulani ilivyotamkwa. Maandishi hayakukosekana: kitabu cha sala kilitafsiriwa karne ya 17 na Biblia nzima karne ya 18.

Baadaye hatua zilifuatana. Mwaka 1992 Kimanksi kikaingia shuleni kwa walimu wanaozunguka. Mwaka 1996 vikaanza vikundi vya watoto wadogo vya Mooinjer Veggey. Mwaka 2001 ikafunguliwa Bunscoill Ghaelgagh, shule ya msingi inayofundisha kwa Kimanksi, ambayo sasa iko St John's. Mwaka 2009 UNESCO iliiandika lugha hii kuwa imekufa, wanafunzi wa shule hiyo wakaandika barua, kwa Kimanksi, wakiuliza kama lugha yetu imekufa, hii tunayoandikia ni ipi? UNESCO ikabadilisha daraja: iko hatarini kabisa, lakini hai.

Tahadhari moja. Kimanksi cha leo si kilekile cha Maddrell. Wapo wanaolalamika kwamba kimeazima mno kutoka kwa ndugu zake na Kiingereza. Ni kweli, na haiepukiki; lugha iliyofundishwa na watu wazima waliojifunza ukubwani lazima ibebe alama zao.

Sheria zinasaidia?

Zinafungua milango, haziingizi mtu ndani. Katiba ya Ayalandi ya 1937 inakitaja Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, na bado kwa miongo mingi hungeweza kuhudumiwa kwacho kwenye kaunta za serikali. Sheria ya Lugha Rasmi ya 2003 ilileta Kamishna wa Lugha wa kupokea malalamiko. Marekebisho ya 2021 yana meno zaidi: kufikia mwisho wa 2030, asilimia 20 ya waajiriwa wapya wa umma wawe wanamudu Kiayalandi, na asilimia 20 ya matangazo ya taasisi za umma yawe kwa lugha hiyo. Jina lako likiwa na alama juu ya irabu, mfano Seán, taasisi za umma zinatakiwa kuliandika hivyo hata kama kompyuta yao ni ya zamani.

Umoja wa Ulaya ulikitambua Kiayalandi kama lugha rasmi tangu 2007, na kuanzia Januari 2022 nyaraka zake zote zinatafsiriwa. Hilo lilizalisha ajira za watafsiri na wanasheria Brussels na Luxembourg. Wapo wanaolibeza, lakini kijana akijua kuna mshahara mwisho wa njia, husoma tofauti.

Uskoti ilipata sheria ya Kigaeli mwaka 2005, iliyounda Bòrd na Gàidhlig, bodi ya umma ya kuendeleza lugha, na nyingine mwaka 2025 inayokifanya rasmi na kuruhusu maeneo ya wazungumzaji kutambuliwa. Ayalandi ya Kaskazini ilipata yake Desemba 2022, baada ya mvutano wa kisiasa wa miaka mingi.

Nyumba zinahusianaje na lugha?

Zinahusiana mno. Vijana wa Connemara au wa kisiwa cha Skye, Uskoti, wakikosa pa kuishi, huhama. Nyumba hununuliwa na watu wa mijini kwa ajili ya likizo au hupangishwa watalii kwa usiku. Duka likifungwa na shule ikipoteza watoto, lugha haina pa kusimama, hata iwe na televisheni na programu za simu. Mwaka 2020 watafiti wa visiwani Uskoti walikadiria waliobaki wakikitumia Kigaeli kama lugha ya kijiji ni kama 11,000, wengi wao watu wazima wenye umri mkubwa, na wakaonya kwamba ndani ya muongo mmoja matumizi hayo yanaweza kuporomoka. Waliokasirika walikuwa wengi. Hata hivyo, tangu hapo masuala ya nyumba na feri yanazungumzwa kwenye mikutano ya lugha.

Redio na televisheni zimefanya nini?

Raidió na Gaeltachta ilianza 2 Aprili 1972, baada ya vijana wa Connemara kuendesha kituo chao bila kibali mwaka 1970 ili kuiaibisha serikali. Faida yake kubwa ni kwamba mzee wa Donegal alianza kuzoea lahaja ya Kerry. Televisheni ya TG4, ya Kiayalandi, ilifuata 1996, na BBC Alba, ya Kigaeli cha Uskoti, 2008. TG4 ilivuta watazamaji kwa michezo, na hapo ilionyesha akili: mtu haangalii lugha, anaangalia mpira.

Kuna kumbukumbu gani mtandaoni, na je, ni bure?

Ni bure. Duchas.ie ina mkusanyiko wa shule wa 1937 hadi 1939, ambapo watoto zaidi ya 50,000 wa shule 5,000 walitumwa kuwahoji wazee wao na kuandika walichosikia: tiba, vitendawili, majina ya mashamba, visa vya mizimu. Watu wa kujitolea wanaendelea kuchapa kurasa hizo zilizoandikwa kwa mkono, na yeyote anaweza kujiunga. Uskoti kuna Tobar an Dualchais, yenye maelfu ya rekodi za sauti.

Niko Dar es Salaam au Mombasa. Naanzaje kujifunza?

Chagua lahaja moja ya lugha moja na ukae nayo miezi sita. Duolingo ina Kiayalandi tangu 2014 na Kigaeli cha Uskoti tangu 2019. Itumie kwa dakika 15 za kila siku, lakini isiwe mwalimu wako pekee. Matamshi ya Kiayalandi yapate teanglann.ie, ambako neno moja hutamkwa kwa lahaja zote tatu. Kwa Uskoti tumia learngaelic.scot; kwa Kimanksi, learnmanx.com. Sikiliza redio zao kila siku hata kama huelewi.

Kuna vizingiti viwili. Cha kwanza ni mwanzo wa neno kubadilika. *Bád* ni mashua. "Mashua yangu" ni *mo bhád*, "mashua yetu" ni *ár mbád*. Ukitafuta *mbád* katika kamusi hutaikuta, kama vile mgeni anayetafuta "nyuso" asivyojua aende kwenye "uso". Jifunze jedwali la mabadiliko hayo wiki ya kwanza, si mwezi wa sita.

Cha pili ni alama za irabu. *Cáca* ni keki. *Caca* ni "ya kinyesi". Kwenye simu bonyeza herufi na kuishikilia. Kwenye kompyuta ya Windows, kibodi ya Kiayalandi hukupa á kwa AltGr na a. Uskoti alama huinama upande wa pili (à), na tangu mwongozo wa tahajia wa 1981 hutumika hiyo tu; vitabu vya zamani vina zote mbili, usishangae.

Ukitaka cheti, mtihani wa TEG wa Chuo Kikuu cha Maynooth hupima Kiayalandi kwa ngazi kuanzia A1, ile ya wanaoanza. Ukipata nafasi ya kusafiri, Sabhal Mòr Ostaig, chuo cha kisiwani Skye kilichoanzishwa 1973, hufundisha kozi fupi za watu wazima. Vijana wa Ayalandi wenyewe hupelekwa Gaeltacht kwa wiki tatu za kiangazi na kulala kwa mama mwenye nyumba anayelipwa na serikali. Kwenye kozi kali, ukirudia kusema Kiingereza unarudishwa kwenu.

Mimi si mzungumzaji wa asili. Naweza kumlea mtoto kwa lugha hii?

Wapo wengi wanaofanya hivyo, Belfast kwa mfano. Mwaka 1969 familia chache za mji huo, ambazo zote zilijifunza lugha ukubwani, zilijenga nyumba zao pamoja Shaw's Road ili watoto wazaliwe katikati ya Kiayalandi, na 1971 wakafungua shule yao wenyewe bila msaada wa serikali. Siri yao ilikuwa ujirani: mtoto alikuwa na wa kucheza naye kwa lugha ileile.

Anza siku anayozaliwa, maana kubadili lugha na mtoto wa miaka mitatu ni vita. Mzazi mmoja akiwa hajui, huyo anayejua asibadilishe hata mwenzake akiwepo. Tafuta angalau familia nyingine moja mkutane kila wiki. Na jifunze msamiati wa nyumbani ambao madarasa hayafundishi: nepi, kucheua, makamasi, "usiweke hiyo mdomoni".

Nje ya Ulaya kuna wazungumzaji?

Wapo. Cape Breton, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, walihamia Waskoti waliofukuzwa kwenye ardhi yao, na Kigaeli bado kina chuo chake St Ann's. Mbinu yao hukaa zaidi jikoni kuliko darasani: kikundi hukutana nyumbani kwa mzungumzaji, wanapika chai na kuzungumzia kile kilicho mikononi mwao, bila kitabu.

Nataka tatuu ya Kigaeli. Nitafsiri kwa mashine?

Hapana. Mashine huchanganya Kiayalandi na Kigaeli cha Uskoti, husahau alama na kukosea mabadiliko ya mwanzo wa neno. Waulize wazungumzaji watatu wasiojuana, na wakitofautiana usichore. Ukipata jibu, liandike kwa herufi za kawaida kwanza, maana mchoraji anayeiga herufi za kale bila kuzijua huweza kuchora *r* iliyogeuka *s*.